Sura ya Tatu: Nairobi na Dar es Salaam, Kilomita Zile Zile, Saa Tofauti

Umbali wa hewani kati ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, msomaji anaweza kuupata mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Uwanja wa Nairobi uko nyuzi 1.32 kusini mwa ikweta, na nyuzi 36.93 mashariki ya Greenwich. Wa Dar es Salaam uko nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Toa ndogo kwenye kubwa: kwenda kusini unapata nyuzi 5.56, kwenda mashariki nyuzi 2.27. Karibu na ikweta uzi mmoja ni kilomita 111 hivi, upande wowote utakaouhesabu. Basi kusini ni kilomita 617, na mashariki ni 252. Hapo ingiza kanuni ya Pythagoras tuliyofundishwa shuleni, nawe utapata kilomita 666 na ushei. Wataalamu, ambao huzingatia kwamba dunia si tufe kamili na imebonyea kidogo kwenye ncha zake, hupunguza kilomita moja au mbili. Tuseme 665.

Hesabu hii nyepesi inafaa hapa kwetu kwa sababu tunakaa ikweta. Kwingine mistari ya longitudo huanza kukaribiana, na ule mstari mnyoofu wa ramani ya ukutani huwa unadanganya. Njia fupi ya kutoka Nairobi kwenda New York, zaidi ya kilomita 11,800, ukiichora kwenye ramani hiyo inapinda kuelekea kaskazini kana kwamba rubani amepotea, kumbe yeye ndiye aliyeshika njia iliyo fupi kuliko zote. Nairobi na Dar hazina taabu hiyo. Weka rula, piga mstari, umemaliza.

Nimeichagua safari hii kwa sababu ni fupi na inajulikana. Mfanyabiashara wa Kariakoo ameisafiri, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta ameisafiri, mawaziri wameisafiri kwenda kupatana na kwenda kugombana. Na kwa kuwa ni fupi, inaonyesha wazi jambo ambalo safari ndefu hulificha: kilomita ni za dunia, lakini saa ni za watu. Zile 665 hazijaongezeka wala kupungua tangu milima ya Usambara iwe milima. Saa za kuzivuka zimekuwa tatu, zikawa mbili, zikawa moja na kitu, na kuna miaka ambayo hakuna saa yoyote iliyotosha.

Kwanza tuufuate mstari wenyewe, maana abiria wengi hufunga dirisha wakalala, na huko ni kujinyima. Ukitoka Nairobi mstari unashuka kusini kidogo mashariki, unapita juu ya nyika za Kajiado, kisha kati ya Amboseli na vilima vya Chyulu. Theluthi moja ya safari ikiisha, Kilimanjaro iko upande wa kulia, yapata kilomita 30 kutoka kwenye mstari, na kilele cha Mawenzi kikiwa karibu zaidi na abiria kuliko Kibo. Kibo kina mita 5,895, na ndege ya jeti inakiangalia kutoka karibu mara mbili ya kimo hicho. Kwa hiyo anayekwenda Dar aombe kiti cha dirisha upande wa kulia, anayerudi Nairobi upande wa kushoto. Marubani hawafuati rula siku zote, lakini ushauri huo hautamtupa mtu mara nyingi.

Baada ya mlima, safu za Upare zinabaki kulia. Kisha mstari unapita karibu juu kabisa ya Lushoto, unashuka Korogwe ambapo mto Pangani unageukia baharini, unakwenda mpaka karibu na Saadani, na hapo maji ya mlango wa Zanzibar yanaonekana. Bagamoyo inapita kulia, na kidogo baada yake ndege iko chini, magurudumu yametolewa. Kwa saa moja tu umevuka nchi ya Wamaasai, ya Wachaga, ya Wapare, ya Wasambaa, ya Wazigua na ya Wakwere. Misafara ya karne ya 19 ilihitaji wiki nyingi kuvuka nchi hizo, na kila mtawala njiani alidai hongo yake.

Sasa saa. Jeti iliyokwisha kukaa sawa hewani huenda kilomita 800 au zaidi kwa saa. Gawanya 665 kwa 800, unapata dakika 50. Lakini tiketi inasema saa moja na robo, au na dakika ishirini, au hata na nusu. Dakika hizo nyingine zimekwenda wapi?

Jibu la kwanza ni kwamba tiketi haisemi muda wa kuruka. Inasema muda kuanzia ndege iondoke kwenye maegesho mpaka isimame kwenye maegesho mengine. Ndani yake kuna kusukumwa nyuma, kuwasha injini, kutembea mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja zamu, na mwishoni kutembea tena. Uwanja wa Nairobi una njia moja tu ya kurukia na kutulia ndege, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4. Siku ndege moja ikipata hitilafu juu ya njia hiyo, za nyuma zote husimama na zilizo hewani huzunguka. Mashirika yanalijua hilo, ndiyo maana ratiba huwekwa na akiba ya dakika. Ukifika mapema kuliko ilivyoandikwa, rubani hakukimbia zaidi. Ni ile akiba haikutumika.

Jibu la pili ni kwamba kwenye safari fupi ndege haiishi katika mwendo wake wa kasi. Inapanda kwa dakika 20 hivi, na kushuka kunachukua muda kama huo. Katikati inabaki sehemu ndogo ya kunyooka, ambamo wahudumu hukimbizana na vikombe vya chai. Ndiyo sababu ndege ya mapanga haiachwi mbali na jeti kwenye njia hii. ATR 72 huenda kilomita 500 hivi kwa saa, Dash 8-400 huzidi 600, nazo huchoma mafuta kidogo. Tofauti kati yao na Embraer au Boeing 737 kutoka Nairobi hadi Dar ni dakika chache ambazo mtu anaweza kuzimaliza akisubiri begi lake. Anayedharau ndege ya mapanga kwa safari ya kilomita 665 hajaifanya hesabu yake vizuri.

Kisha kuna miinuko. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Wa Dar uko mita 55. Kwenye kimo cha Nairobi hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ile ya pwani. Bawa linahitaji hewa ili libebe, na injini inahitaji hewa ili isukume, kwa hiyo ndege inayoondoka Nairobi lazima ikimbie kwa kasi kubwa zaidi ardhini kabla ya kuinuka, na ikiwa nzito mno hulazimika kupunguza mzigo au mafuta. Ndiyo maana njia ya uwanja huo ilifanywa ndefu hivyo. Kwa safari ya Dar, ambayo haihitaji mafuta mengi, jambo hili ni dogo. Kwa safari ya New York ni kubwa sana, na Kenya Airways ilipoanza kuruka huko moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, uzito wa kuondokea Nairobi ulikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kupigiwa hesabu.

Safari hiyo hiyo ya New York inatufundisha nguvu ya upepo. Ilitangazwa kuwa ya saa 15 kwenda na 14 kurudi, kwa kilomita zile zile. Kwenye latitudo za kaskazini kuna mto wa upepo huko juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndege inayokwenda Marekani inapambana nao, inayorudi inabebwa. Huku kwetu karibu na ikweta upepo wa juu kwa kawaida ni mpole. Kwenda Dar na kurudi Nairobi kunakaribiana.

Hata hivyo upepo wa chini una neno lake, na hapa watu wa mwambao walitutangulia kwa karne nyingi. Mabaharia wa Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa hawakuuliza Maskati ni mbali kiasi gani. Waliuliza ni msimu gani. Jahazi lilikuja na kaskazi kuanzia Desemba na kurejea Uarabuni na kusi kuanzia Aprili, na aliyekosa msimu alikaa miezi akingoja. Umbali wao uliandikwa kwenye kalenda. Rubani wa leo naye hutua akielekea upepo unakotoka, kwa sababu ndivyo ndege inavyosimama katika masafa mafupi. Njia kuu ya Dar imelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Upepo ukitoka kaskazini-mashariki, ndege iliyotoka Nairobi mara nyingi huupita uwanja, huzunguka upande wa Pugu, kisha hugeuka na kutua ikitazama bahari. Upepo ukigeuka wa kusini, inaweza kuingia kwa kupitia upande wa bahari bila mzunguko huo. Dakika kadhaa zinakwenda au zinabaki kwa sababu ya upepo ule ule uliokuwa ukisukuma majahazi, na mimi kila nikilifikiri jambo hilo napata heshima mpya kwa manahodha wale.

Tumesema saa zimebadilika. Katika miaka ya 1930, shirika la Wilson Airways, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, liliiunganisha Nairobi na pwani: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. Vita vya Pili vya Dunia vililimaliza. Tarehe 1 Januari 1946 likaanza kuruka shirika jingine, East African Airways, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, likiwa na ndege ndogo za Dragon Rapide. Rapide ilikuwa ya mabawa mawili ya juu na chini, ya mbao na kitambaa, na ilibeba abiria wanane kwa mwendo wa kilomita 210 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 665 ni zaidi ya saa tatu, bila kuhesabu vituo. Zikafuata Dakota, kisha, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, Fokker F27 na jeti. Kwa muda wa robo karne saa tatu zilipungua mpaka moja.

East African Airways inastahili kukumbukwa kwa zaidi ya mwendo wake. Ilipopata Super VC10 kuanzia mwaka 1966, ndege hizo tano hazikuandikishwa nchi moja. Nyingine zilibeba alama ya 5X ya Uganda, nyingine 5H ya Tanzania, na moja 5Y ya Kenya. Zilikuwa ndege za nyumba moja zenye vyeti vya kuzaliwa vitatu. Abiria aliyepanda Nairobi kwenda Dar hakuwa akitoka mikononi mwa shirika la wenzake kuingia la kwao. Shirika lilikuwa lake pande zote mbili.

Mwaka 1977 hayo yote yalivunjika. Ugomvi wa fedha, wa siasa na wa nani anamdai nani ulikuwa umekua kwa miaka. Kenya iliunda Kenya Airways mwezi Januari, nayo ikaanza kuruka Februari. Mwezi huo huo wa Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Air Tanzania iliundwa Machi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa katikati ya mwaka. Ndege za mashirika ya nchi hizi mbili zikaacha kuiunganisha miji hii. Namanga, mpakani, ambako mabasi yalikuwa yakipishana, kukawa mwisho wa njia. Tanzania ilikuwa imekwisha kufungua uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro mwaka 1971, na sasa ilitaka watalii wa Serengeti na Ngorongoro washukie huko badala ya kuja kwa magari kutoka Nairobi.

Mpaka ulikaa umefungwa mpaka Novemba 1983. Karibu miaka saba. Katika miaka hiyo jeti zilikuwapo, marubani waliofunzwa njia ile ile walikuwapo, viwanja vilikuwapo. Nairobi ilijenga jengo jipya la abiria lililofunguliwa mwaka 1978, na Dar lake likafunguliwa mwaka 1984. Kilomita zilikuwa 665 kama jana. Lakini ndugu aliyekuwa Nairobi akitaka kumzika mzazi wake Dar es Salaam alilazimika kutafuta njia ya kuzunguka, kama alikuwa na pesa za kuzunguka. Kwa mtu wa kawaida London ilikuwa imekaribia kuliko jirani. Naliona hilo kuwa somo kubwa kuliko yote ambayo njia hii inayo, na nashangaa kwamba halisimuliwi zaidi kwa vijana waliozaliwa baadaye.

Msingi wa kisheria wa yaliyotokea uko katika Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kifungu chake cha kwanza kinasema kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Anga, kwa hiyo, lina wenyewe. Kila safari ya Nairobi na Dar inaruka kwa sababu serikali mbili zimekubaliana kwa maandishi ni shirika gani litaruka, mara ngapi kwa wiki, na linaweza kubeba nini kutoka wapi kwenda wapi. Makubaliano hayo yakitetereka, ndege hubaki chini hata anga likiwa jeupe.

Yametetereka mara mbili hivi karibuni. Wakati wa korona, mwisho wa Julai 2020, Kenya ilipotoa orodha ya nchi ambazo raia wake wangeingia bila karantini na Tanzania ikakosekana, Tanzania ilifuta kibali cha Kenya Airways kutua kwake. Mashirika mengine madogo ya Kenya yakafuata. Vibali vilirudishwa katikati ya Septemba. Kisha Januari 2024, Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 ya mwezi huo Kenya Airways haitabeba tena abiria kati ya Nairobi na Dar, kwa sababu Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania ruhusa ya kuchukua mizigo Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu. Safari hii mawaziri walizungumza haraka, na ndani ya siku moja tangazo likaondolewa. Ni maendeleo makubwa ukilinganisha na miaka saba. Lakini kwa siku hiyo moja, kila aliyekuwa na tiketi mkononi alijua kwamba saa yake moja na dakika ishirini haikutegemea injini.

Nimebakiza saa za ardhini, ambazo ndizo nyingi. Mtu anayekaa Kilimani, Nairobi, anayekwenda kwa jamaa zake Mikocheni, Dar es Salaam, atoke nyumbani saa moja kabla ya kufika uwanjani. Ataambiwa awe amefika saa mbili kabla ya ndege kuondoka, mashirika mengine yanataka tatu, kwa sababu hii ni safari ya kimataifa. Ataruka saa moja na dakika ishirini. Atapanga foleni ya uhamiaji, atangoja begi, tuseme dakika 40. Kisha Barabara ya Nyerere na mjini, saa moja nyingine. Jumla ni saa sita. Gawanya 665 kwa sita: kilomita 110 kwa saa, mwendo wa gari kwenye barabara nzuri, na nusu ya mwendo wa ile Rapide ya mbao na kitambaa ilipokuwa hewani. Basi linalopita Namanga, Arusha na Chalinze huenda kilomita 900 hivi na huchukua siku nzima au usiku mzima, lakini linakuchukua mjini na kukushusha mjini, na nauli yake ni sehemu ndogo ya ile ya ndege.

Wenye kujenga wamejitahidi. Nairobi ilifungua barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands mwaka 2022, inayopita karibu na lango la uwanja. Dar iliweka daraja la juu la Mfugale pale TAZARA mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikafungua jengo la tatu la abiria. Kazi hizi zilipunguza dakika nyingi kuliko ndege yoyote mpya ambayo ingeweza kununuliwa kwa njia hii. Ukinunua jeti ya kasi zaidi duniani, hutaokoa hata dakika kumi kati ya Nairobi na Dar. Ukiondoa foleni moja ya ukaguzi, umeokoa nusu saa.

Saa ya tiketi nayo iangaliwe vizuri. Miji yote miwili inatumia majira mamoja, kwa hiyo hakuna cha kuongeza wala kupunguza, lakini tiketi huandikwa kwa hesabu ya saa 24 inayoanzia usiku wa manane. 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi. Wako waliokuja uwanjani saa saba na nusu mchana wakiwa na mabegi yao, ndege ikiwa imekwisha kutua upande wa pili na kurudi.

Ombi langu kwa serikali hizi mbili ni moja. Namanga, tangu Desemba 2018, kituo cha pamoja cha mpakani kinamruhusu msafiri wa barabara kukaguliwa mara moja tu, maofisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Msafiri wa ndege kati ya Nairobi na Dar bado anagongewa muhuri wa kutoka kwenye uwanja mmoja na muhuri wa kuingia kwenye mwingine, na katika nauli yake analipa tozo za safari ya kimataifa pande zote mbili. Wapeni abiria wa hewani kile mlichowapa wa basi: ukaguzi mmoja, mahali pamoja, na tozo za safari ya ndani. Hilo halihitaji ndege mpya wala njia mpya ya kurukia. Linahitaji saini mbili.